Jiwe la Mkwe

Kilichomuudhi Manase si kwamba mkewe alicheka. Watu hucheka. Kilichomuudhi ni kwamba kicheko chenyewe alikuwa hajakisikia tangu mwaka waliooana, akadhani kimeshajifia kwa uzee, kumbe kilikuwa kimewekwa akiba, na sasa kinatolewa uani mchana kweupe kwa ajili ya dereva.

Dereva huyo aliitwa Sadalla. Alikuwa Mzigua wa Mwera, upande wa Pangani, mwembamba, kofia yake ya viua imekaa upande, na maneno hayamwishi mdomoni. Kazi yake ilikuwa kumwendesha meneja wa shamba moja la mkonge karibu na Muheza, Mwingereza ambaye watu wa milimani walimpa jina la Bwana Taratibu, kwa kuwa akifika mtoni neno hilo ndilo lililokuwa Kiswahili chake chote. Kila majira ya baridi Bwana Taratibu alipanda milima ya Usambara, akaiacha Landrova pale barabara inapoishia, yaani mbele ya nyumba ya Manase, akaendelea kwa miguu kuufuata mto Kwemgoto hadi msituni kuvua trauti.

Trauti ni samaki wa kuletwa. Wazungu waliwamwaga kwenye maji yale ya baridi Manase akiwa bado anachunga mbuzi, nao wakakaa, wakazaana, wakawa wajanja. Bwana Taratibu hakuwavua kwa minyoo. Kwake yeye mnyoo ulikuwa aibu. Aliwavua kwa nzi wa kutengeneza, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi, ikarushwa kwa ufito mrefu na mshipi mwepesi, ikatua juu ya maji ukadhani ni mdudu kweli. Nzi hao walitoka Ulaya ndani ya vijikasha, na mbebaji wa vijikasha alikuwa Manase.

Alibeba pia wavu wa mkono, ule wa kumpokelea samaki akishachoka kupigana. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mizigo mingine ingeweza kubebwa na mtu yeyote, lakini wavu ulikuwa wake, na mahali pa mwenye wavu ni ubavuni mwa Bwana, magoti majini, wote wawili wakishusha pumzi pamoja samaki anapoingia. Kanisani Jumapili watu walimwita Manase wa Mto. Alijifanya hapendi.

Miaka yote Sadalla alikuwa akibaki na gari. Alikuwa akilala chini ya turubai, akiswali kwenye kipande chake cha mkeka, akimsubiri bwana wake ashuke. Na kwa kuwa alibaki, alizoeana na wa nyumbani. Hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana ukoo wa Manase na Wazigua wa pwani walikuwa watani. Mababu zao walipigana, wakachoka kupigana, wakaanza kuzikana, na tangu hapo ikawa ruhusa kwa mmoja kumwambia mwenzake chochote. Mtani akikuita mtumwa wake, unacheka. Akiingia jikoni kwako akachukua hindi la kuchoma bila kuuliza, unacheka. Akimwita mkeo mke wake, unacheka vilevile, na ukikunja uso basi wewe ndiye mwenye kasoro, na habari zitafika kwa wazee kwamba Manase hajui utani.

Kwa hiyo Sadalla alikuwa akisimama mlangoni pa jiko na kuuliza, "Mke wangu, huyu mtumwa wangu bado unamlisha?" Na Ruthi, mwanamke aliyelelewa na misheni, mshona vitambaa vya madhabahu, ambaye kwa mumewe alitoa maneno kwa kipimo, alikuwa akijibu kwamba anamlisha ila halioni zao lake. Kisha kicheko. Manase naye alikuwa akicheka, meno yakimuuma.

Usidhani alikuwa na ushahidi wowote. Wivu hauhitaji ushahidi; hujipikia wenyewe na kujila wenyewe. Aliona kwamba Sadalla akija, Ruthi hufunga kilemba kipya. Hakukumbuka kwamba Sadalla alikuja siku za wageni, na siku za wageni kila mwanamke kijijini hufunga kilemba kipya. Aliona chumvi imezidi kwenye mboga, akasema moyoni mawazo yake hayako hapa. Chumvi ikipungua, alisema yaleyale.

Na kuna jambo jingine ambalo Manase alilisahau siku ileile lilipotokea, ingawa mimi nisingependa ulisahau. Mwaka uliotangulia, Ruthi aliokota nzi mmoja wa Bwana aliyechanika, akamgeuza geuza mkononi. Baadaye akang'oa manyoya mawili matatu kwenye shingo ya jogoo wake, akachukua uzi wa hariri wa buluu aliopewa na sista wa misheni kwa ajili ya vitambaa vya kanisa, akafunga nzi wake. Wakati wa chakula alimwonyesha mumewe kwenye kiganja. Mwanamume mwenye akili angeuliza swali. Manase alicheka hadi akaweka tonge chini, akasema samaki wa Kizungu wanajua vitu vya Kizungu, na mto ni kazi ya wanaume, arudi kwenye misalaba yake ya kushona. Ruthi alifunga kiganja. Hakulisema tena jambo hilo, na yeye hakuuliza.

Mwaka huu, basi, Bwana Taratibu alishuka garini akatangaza kwamba Sadalla atapanda naye mtoni. Amemwona akivua kwa mshipi kwao Pangani, alisema, na ana mkono mwepesi. Manase aliitikia vizuri, akaenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye gogo. Mke, sawa, utani unaruhusu. Lakini na mto pia?

Walianza safari umande ungali kwenye majani. Njia ilipita kwenye mashamba ya mahindi na migomba, ikaingia msituni, ikawa tope na mizizi. Miti mirefu ya mikulo iliwafungia jua, na mbega waliruka juu yao bila kuwajali. Manase alitangulia, Bwana katikati, Sadalla nyuma na kikapu, akihema na kulalamika kwamba huku kwenu hata hewa mmeipandisha juu watu wasiifikie. Bwana aliambiwa maana yake kwa Kiingereza kidogo alichojua Sadalla, akacheka. Manase aliongeza mwendo.

Kwenye bwawa la kwanza hapakuwa na kitu. Kwenye la pili trauti walipanda, wakawatazama nzi wa Ulaya, wakarudi chini. Bwana alibadilisha nzi mmoja baada ya mwingine. Manase alikuwa akimpa huku akishauri, huyu mweusi, huyu wa kahawia, na samaki walikuwa wakikataa ushauri wake mbele ya dereva. Jasho lilimtoka ingawa maji yalikuwa ya kukata mifupa.

Ndipo Sadalla akatoa kopo la sigara mfukoni. Ndani yake, juu ya pamba, palikuwa na nzi mmoja.

Manase alimtambua kabla hajafikishwa kwa Bwana. Kijiji kizima kilimjua jogoo wa Ruthi, mwenye shingo ya rangi ya asali na ncha za majivu. Hapakuwa na wa pili wake kutoka pale hadi Lushoto. Na kiunoni mwa nzi ulizungushwa uzi wa buluu, ule wa madhabahu. Vitu viwili vya nyumbani kwake, kimoja cha uani na kimoja cha sandukuni mwa mkewe, vilikuwa vimelala pamoja ndani ya kopo la mwanamume mwingine.

Bwana aliuliza nzi huyo ametoka wapi. Sadalla akamgeukia Manase, macho yakimcheka, akasema, "Nimepewa na mke wangu."

Utani ulikuwa hapo, umekaa kati yao, na sheria yake inajulikana. Manase alicheka. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipomaliza alihisi ladha ya shaba mdomoni.

Bwana alifunga nzi wa jogoo, akarusha. Mshipi ulinyooka hewani, nzi akatua chini ya majani ya kangaga ukingoni, maji yakafunguka mara moja na ufito ukapinda. Alikuwa trauti mkubwa, mwenye madoadoa, hodari, akipanda na kushuka, na Bwana akinong'ona taratibu, taratibu. Manase aliingia majini na wavu. Alikuwa akimtazama nzi pembeni mwa mdomo wa samaki, ule uzi wa buluu, wala si samaki, na wavu ulipita kando, ukamgonga trauti kichwani. Samaki alijitupa upande wa pili. Mshipi haukukatika, lakini ilikuwa bahati tu.

Bwana hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alisema kwa upole wavu apewe Sadalla, na Sadalla aliingia na suruali yake ya udereva, akainama, akamchota samaki kwa mkono mmoja bila kelele, akasema bismillahi akacheka kwa furaha ya kweli. Manase alisimama ukingoni mikono mitupu. Moyoni mwake alisema maneno ambayo Mkristo hapaswi kuyasema hata kwa adui. Huyu ana mke wangu, alisema, na sasa ana wavu wangu, na jioni atakula samaki wangu. Alimchukia mtu yule kwa nguvu zake zote, na chuki ile ilimpa raha, kwa maana kwa muda mrefu hakuwa amepata kitu cha kushikilia.

Ili kufika bwawa la juu lazima uvuke Kwemgoto mahali ambapo mto unabanwa na mawe. Yapo mawe ya kukanyaga, meusi, yenye utelezi wa kijani, ya kumtia mgeni hofu. Na katikati lipo moja pana, kavu, tambarare, linalokukaribisha ukae. Hilo huitwa Jiwe la Mkwe. Limeitwa hivyo kwa sababu mkwe wa kike humkaribii. Unamheshimu kwa mbali na kupita njia nyingine. Jiwe lile halikushikwa na kitu chini. Ukiweka uzito kwenye ukingo wake linapinduka, na chini yake pana mwanya. Watoto wa Kishambaa wa upande ule hufundishwa jambo hilo kabla ya Baba Yetu. Bwana Taratibu alifundishwa na Manase mwaka wa kwanza. Ruthi, ambaye alitoka kijiji kingine, alifundishwa na Manase pia, siku za uchumba, alipompeleka kumwonyesha mto. Alimshika mkono akamwambia hili hatulikanyagi, na akaendelea kuushika mkono ule hata walipokwisha kuvuka.

Bwana alivuka kwanza akaenda mbele kutazama maji. Manase alivuka nyuma yake kwa mawe meusi, haraka, kwa mazoea. Kisha akasikia nyuma yake, "Mtani, nikanyage wapi?"

Aligeuka. Sadalla alikuwa katikati ya mto, kikapu begani, wavu mkononi, mguu mmoja kwenye jiwe jeusi na macho kwenye lile pana. Maji yalikuwa yanavuma lakini si kiasi cha kumzuia mtu asisikie. Manase alimsikia vizuri sana. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu, kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Ilitosha. Sadalla alikanyaga jiwe lenye sura nzuri, likapinduka, mguu wake wa kushoto ukaingia mwanyani na mwili ukaenda upande mwingine. Mlio wa mfupa Manase aliusikia kupita maji yote. Kabla hajajua alichofanya, alikuwa ameshajitupa mtoni, amemkamata chini ya makwapa, anapiga kelele kumwita Bwana, analia. Ndivyo alivyokuwa Manase, na sijui nimwiteje mtu wa namna hiyo.

Alimbeba mgongoni njia nzima, akikataa kupokewa. Bwana alibeba vyombo mwenyewe. Sadalla alikuwa akiguna kila penye mteremko, na palipokuwa tambarare alimwuliza kwa sauti ndogo kama amechoka, mtumwa wake. Pumzi yake ilikuwa ya moto kwenye shingo ya Manase.

Wakati wakishuka mvua ilianza, na ilinyesha mpaka udongo ukaporomoka na kukata barabara chini ya kijiji. Dresa wa misheni, mfunga vidonda, alikuja kwa miguu, akaunyoosha mguu, akaufunga kwa vipande vya mbao, akasema mtu huyu asitikiswe garini hadi mfupa ushike, labda mwezi mzima na zaidi. Barabara ilipopitika, Bwana Taratibu aliendesha mwenyewe kurudi Muheza. Alimshukuru Manase kwa kumwokoa dereva wake. Alimpa mkono, akamwambia ni mtu mwema.

Sasa fikiria. Nyumba ilikuwa ya Manase, kitanda kilikuwa cha mwanawe Luka aliyekuwa bweni kwenye shule ya misheni, na juu ya kitanda hicho, asubuhi, mchana na jioni, alikaa Sadalla wa Mwera. Ruthi alimpelekea uji. Ruthi alimpashia maji ya udhu na kumwelekeza kibla kwa kukisia lilipo jua. Mtani akiumia kwako anauguzwa kwako, hilo halina mjadala. Kila Manase aliporudi kutoka shambani aliwakuta wamo chumba kimoja, mlango wazi, na sasa hakuwa na wa kumlaumu ila mkono wake uliofunga kamba ya kiatu.

Ruthi hakuuliza siku ile, wala iliyofuata. Aliuliza mgonjwa alipoanza kuketi. Alikuwa anakusanya vyombo, Manase ameegemea mwimo wa mlango.

"Baba Luka, ulimwambia habari za Jiwe la Mkwe?"

Sadalla alijibu upesi. "Aliniambia, mke wangu. Maji yalikuwa yanapiga kelele, masikio yangu ya pwani hayakushika."

"Sikukuuliza wewe," Ruthi alisema.

Alisubiri. Manase alitazama sakafu, na kwa mara ya pili akanyamaza pale alipotakiwa kusema. Ruthi aliweka vyombo chini, akatoka. Waliwasikia kuku wakitawanyika uani. Aliporudi alikuwa na jogoo wake kwapani na kisu mkononi. Mgonjwa anahitaji mchuzi, alisema, na mgonjwa huyu hawezi kula cha kuchinjwa na sisi, basi achinje mwenyewe. Alisogeza beseni karibu na kitanda, akampa Sadalla kisu, akamkabidhi Manase jogoo.

"Mshike vizuri," alisema.

Manase alipiga goti kando ya kitanda akamshika jogoo miguu na mabawa. Sadalla alijisogeza, uso umekunjamana kwa maumivu, akakielekeza kichwa cha jogoo kibla. Nyuso zao zilikuwa karibu kabisa, shingo ile ya asali katikati yao.

"Sikukwambia," Manase alisema.

"Najua," alisema Sadalla. "Ulikuwa unafunga kiatu. Mshike, asije akanichafua."

Akasoma bismillahi, akachinja.

Ruthi alikuwa amesikia. Alingoja jogoo atulie, kisha, kabla ya maji ya moto, akang'oa manyoya ya shingoni, taratibu, bila kuchana hata moja. Aliyaweka kwenye kiganja cha mumewe pamoja na kipande cha uzi wa buluu kutoka mfukoni mwa aproni yake.

"Yule nzi nilimfunga mimi," alisema. "Nilikuonyesha wewe kwanza, ukacheka. Yeye aliniuliza umefungaje, akasema asante. Hakuna kingine nilichompa. Haya, manyoya ndiyo haya, jogoo hayupo tena. Funga mwenyewe."

Akamchukua jogoo akaenda jikoni. Manase alibaki amepiga goti na manyoya yake. Aliyapanga kwenye kidole, akashika uzi, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Aliona aibu, na chini ya aibu, ajabu ya mambo, wivu ulikuwa bado upo, umekaa palepale, ila sasa ulikuwa na njaa na hauna chakula.

Mchuzi ulipoiva Ruthi aliuleta, akaweka bakuli mapajani mwa mgonjwa. Sadalla aliunusa, akamtazama mwenye nyumba, akajitahidi kama mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi. Akasema mke wake ana mkono mtamu, ni huyu mtumwa tu ndiye anayewaharibia hesabu ya kuku.

Manase aliinua kichwa kusikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikitaka kicheko kile, hata kwa ajili ya mwingine, hata mbele ya macho yake. Ruthi aliuliza kama chumvi inatosha. Akaambiwa inatosha, akachukua beseni akatoka kulimwaga.

Mfupa ulishika, na mwisho wa mwezi Landrova ilikuja kumchukua Sadalla. Majira ya baridi yaliyofuata alirudi, akichechemea kidogo, akasimama mlangoni pa jiko na kuuliza kama mtumwa wake bado analishwa. Ruthi alimjibu kwa heshima kwamba wote wazima, karibu, akamtolea kiti.